Siku Mbili za Kungoja Homa

Dada yangu aliponiita kupitia dirisha la bafu na kusema maji yamemtoka, na kwamba si mkojo, jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta soksi nyeusi.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miezi mingi na bado naweza kulitetea. Nilikuwa nimekaa kwake Nyalenda mwaka mzima na nusu, tangu nimalize masomo ya utawala wa umma kule Bondo, na katika muda huo nilikuwa nimechunguza kwa makini jinsi watu wanavyopokelewa katika ofisi za Kisumu. Anayefika na malapa huambiwa akae pale. Anayefika na viatu vya ngozi huulizwa asaidiwe nini. Nilikuwa na suti moja ya rangi ya majivu, niliyonunuliwa kwa ajili ya mahafali, na faili ya plastiki yenye vyeti vyangu vyote, ambayo sikutoka nyumbani bila kuibeba kwa sababu huwezi kujua kazi itakukuta wapi. Nikajiambia kwamba leo si siku ya kuambiwa tukae pale. Nikavaa suti. Nikafunga tai. Nikaifungua kwa sababu ilionekana ya msibani. Nikaifunga tena.

"Omera," dada akasema, akiniita ndugu kwa Kiluo, amesimama mlangoni na leso ameibana katikati ya miguu, "tunaenda hospitali ama tunaenda harusi?"

Alikuwa na mimba ya miezi minne na nusu, na mimba hiyo ilikuwa imengojwa miaka sita. Yeye ni fundi wa nguo. Cherehani yake iko mbele ya duka moja kule Manyatta, ambako hushona yunifomu za shule, na kwa miaka sita alikuwa amepima viuno vya watoto wa wenzake bila kusema neno. Mumewe huendesha lori la masafa marefu. Juma hilo alikuwa upande wa Juba, na simu yake ilikuwa ikituambia haipatikani, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kiingereza. Kwa hivyo mwanamume wa kumpeleka hospitali nilikuwa mimi, pamoja na tai yangu.

Tukapanda tuktuk. Saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumatatu, tulikuwa kwenye chumba cha dharura cha hospitali ambayo sitaitaja kwa jina, kwa sababu watu wake wameshaogopa vya kutosha.

Aliyetupokea alikuwa klinikal ofisa, yaani mtabibu wa ngazi ya chini ya daktari, mtu mnene, mchangamfu, mwenye karanga kwenye mfuko wa koti lake jeupe. Alimtazama dada yangu mara moja tu akajua kazi iliyopo.

"Mama, lala hapa. Maji ilianza kutoka lini? Leo asubuhi? Sawa. Una maumivu? Kidogo? Sawa."

Aliandika huku akiuliza. Akamwita nesi alete kitanda. Akaagiza skani. Mambo yalikwenda kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona katika ofisi yoyote ya umma, na hilo lenyewe likanitia wasiwasi. Huyu anaandika nini? Je, anafikiri dada ametoa mimba? Nilikuwa nimesikia habari za wanawake waliofika hospitali wakitokwa na damu, wakahojiwa na polisi kabla ya kupimwa presha. Nikaona ni heri niliweke wazi jambo hilo mapema, kabla halijaharibika.

"Daktari," nikasema, "ningependa ifahamike kwamba dada yangu hakufanya chochote."

Kalamu ikasimama. "Chochote gani?"

"Chochote kinyume cha sheria. Mimba hii ilitakiwa sana. Na hata ikifika mahali pa kuamua, Katiba iko wazi."

Nikamweleza. Ibara ya ishirini na sita naijua kwa kichwa; niliwahi kupata alama nzuri sana kwa sababu yake. Nikamwambia kwamba kutoa mimba kumekatazwa, ila pale ambapo mtaalamu wa afya aliyefunzwa ataona, kwa maoni yake, kwamba kuna haja ya matibabu ya dharura, au kwamba maisha au afya ya mama imo hatarini. Kisha, kwa sauti niliyodhani ni ya kumtia moyo, nikamwambia kwamba kisheria mtaalamu huyo anaweza kuwa yeye.

Klinikal ofisa akaitazama suti. Akaitazama tai. Akaiangalia ile faili ya plastiki iliyokuwa kifuani mwangu.

"Bwana ni wa ofisi gani?"

"Kwa sasa bado natafuta," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejua kwamba mpelelezi halisi angejibu hivyo hivyo. Kisha akaichomoa ile karatasi aliyokuwa ameijaza, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa karanga. Akachukua karatasi mpya na kuandika mstari mmoja: mgonjwa apelekwe juu kwa maoni.

"Mimi ni klinikal ofisa tu," akasema. "Mambo ya maoni iko juu."

Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Katika mji wetu kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari, na hakuna anayekataa. Mpiga eksirei ni daktari. Anayeuza dawa dukani ni daktari. Nimemsikia hata msukuma vitanda akiitwa daktari, naye akaitika kwa heshima zote. Lakini kadiri karatasi ile ya maoni ilivyopanda ngazi kutoka chumba cha dharura hadi wodi ya akina mama, ndivyo vyeo vilivyozidi kushuka. Nesi wa zamu alisema yeye ni nesi tu. Mpiga skani alisema yeye ni wa mashine tu, hasemi kitu, mashine ndiyo inasema. Na daktari wa kweli, kijana wa umri wangu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alisema yeye ni daktari, ndiyo, lakini wa mwaka wa kwanza.

Mashine ilisema kwamba moyo wa mtoto unapiga na kwamba maji yamekwisha. Dada aliniuliza kama hiyo ni habari njema. Nilitazama nje dirishani ili nisimjibu. Kutoka ghorofa ile unaliona ziwa, limetanda mpaka macho yanachoka. Tunaishi kando ya maji yote yale, na mtoto wetu alikuwa amekosa kikombe kimoja.

Daktari kijana alinichukua pembeni, karibu na sinki. Nitamsifu kwa jambo moja: hakunidanganya.

"Huyo mtoto hatafika," akasema. "Ni mapema sana. Bila maji mapafu haitakua. Na mama akikaa hivi, njia iko wazi, vijidudu vitapanda."

"Kwa hivyo mtafanya nini?"

"Tumeanza antibiotiki. Sasa tunangoja."

"Tunangoja nini?"

Akaitazama faili yangu kabla ya kujibu. "Moyo wa mtoto usimame wenyewe. Ama mama awe mgonjwa."

"Lakini ni mgonjwa. Yuko kitandani kwenu."

"Ni mgonjwa, lakini hajakuwa mgonjwa wa kutosha. Kwa sasa presha iko sawa, joto iko sawa. Nikiingilia sasa, mtu anaweza kuja kuniuliza dharura ilikuwa wapi." Akanitazama usoni. "Mtu kama wewe, kwa mfano."

"Mimi ni ndugu yake."

"Ndiyo," akasema kwa adabu. "Karibu sana."

Nikamuuliza wa kutosha ni kiasi gani. Swali hilo lilimpendeza, kwa sababu lilikuwa na jibu la nambari. Akasema wengi wao hungoja joto lifike thelathini na nane, na mapigo ya moyo yapande. Hapo hakuna anayeweza kuuliza kitu.

Basi tukakaa tungoje homa.

Sijui kama umewahi kumtakia homa mtu unayempenda. Ni kazi inayohitaji umakini. Kila baada ya saa nne nesi alikuja na kipimajoto, na kila alipokuja mimi nilisimama, nikafunga kitufe cha koti, nikangoja matokeo kama ninayesubiri kutangaziwa kiti cha ubunge. Saa tano asubuhi: thelathini na saba nukta moja. Nikashukuru Mungu, kisha nikakumbuka kwamba hiyo ni habari mbaya. Saa tisa alasiri: thelathini na saba nukta mbili. Nikafurahi, kisha nikaona aibu kwa kufurahi, kisha nikajiuliza kama aibu hiyo ni ya kweli au najionea huruma mwenyewe. Nikaandika kila nambari na kila saa kwenye simu. Nikapiga hesabu. Kwa mwendo ule, dada yangu angekuwa mahututi, na kwa hivyo angestahili kutibiwa, kesho yake usiku.

Wakati huo daktari kijana alikuwa ameituma kesi yetu kwenye kundi la WhatsApp la wakubwa wake. Najua kwa sababu alinionyesha, labda ili baadaye niweze kushuhudia kwamba aliuliza. Ujumbe wake ulikuwa mzuri, umepangwa vizuri, na mwishoni uliuliza: je, tuendelee kumsafisha mgonjwa kizazi? Chini yake kulikuwa na alama za kuonyesha kwamba wote wamesoma. Mmoja alikuwa ameweka mikono ya maombi. Mwingine pia. Wa tatu aliandika kwamba hiyo ni kesi ya kufikiriwa kwa kina. Kisha, baada ya saa nzima, mmoja akampigia simu kwa sauti, maana sauti haibaki popote, akamwambia: "Nyinyi mlio hapo ndio mnajua la kufanya."

"Sasa unajua la kufanya?" nikamuuliza.

"Nimejua tangu asubuhi," akasema. "Shida si kujua."

Dada alikuwa amelala kwa ubavu akitazama ukuta. Nilidhani amesinzia. Nilipokaa akasema bila kugeuka, "Joto imefika ngapi?"

"Saba nukta mbili."

"Na wanataka?"

"Nane kamili."

Nikamwambia wazo ambalo lilikuwa likinizunguka tangu mchana, kwamba thamosi yetu ilikuwa na chai, na kwamba kipimajoto hicho, kama nesi angegeuka kidogo tu, kingeweza kuchovywa kwa sekunde chache. Nilikuwa nimelichambua wazo hilo pande zote: udanganyifu, kosa la jinai, hatari ya kuvunja kioo.

Akageuka akanitazama. "Hiyo chai ni moto kiasi gani?"

"Moto sana."

"Basi wataandika nimekufa," akasema. "Alafu wataanza kungoja nifufuke."

Alicheka, kisha akashika tumbo, kisha akaacha kucheka. "Bado anacheza," akasema. "Nasikia. Kidogo." Hilo sikuwa nimelifikiria. Mimi niliyefikiria kila kitu, hata soksi, sikuwa nimefikiria kwamba yeye anangoja upande ule mwingine pia, na kwamba kila nambari niliyoiombea ilikuwa inamhesabia saa za mtoto, kitu ambacho hakutaka kihesabiwe. Aliniambia hivyo kwa maneno machache. "Najua hatabaki. Daktari aliniambia. Mimi nataka tu waache kunikwamisha hapa katikati. Kama ni kumaliza, wamalize tulie."

Jumanne asubuhi nilirudi na uji. Bado nilikuwa na suti, kwa sababu nilihisi kwamba kubadilisha nguo sasa kungeonyesha nina jambo la kuficha. Kwenye korido nikakutana na nesi mkuu wa wodi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, ambaye siku nzima ya Jumatatu alinipita kama ninayenuka. Sasa akasimama mbele yangu.

"Kijana, niambie ukweli. Wewe ni wa CID?"

"Mimi?"

"Watu wote hapa wanasema. Klinikal ofisa alisema ulikuja na barua ya polisi."

"Sina barua ya polisi, Mama."

"Ameiona kwa hiyo faili. Ameona alama ya polisi kabisa, inachungulia."

Nikaifungua faili palepale, karatasi moja moja, kama kwamba kweli nilikuwa na hatia. Cheti cha shule ya msingi. Cha sekondari. Shahada. Barua ya mwalimu wa dini. Na mbele kabisa, kwa sababu matangazo yote ya kazi hukitaka kwanza, kikichungulia kweli kupitia plastiki, cheti changu cha mwenendo mwema, ambacho hutolewa na polisi kuthibitisha kwamba mtu hajawahi kupatikana na kosa lolote.

Mama yule alikisoma chote, mpaka alama za vidole. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka mgonjwa mmoja akainua kichwa kuangalia kuna nini. "Ati mwenendo mwema," akasema. "Tumeogopa mwenendo mwema." Kisha kicheko kikaisha ghafla, akavua miwani.

"Umetuchelewesha, baba."

Nikamwambia najua. Nikaanza kueleza kuhusu suti, na viatu vya ngozi, na nadharia yangu ya malapa, na akanikatiza kwa mkono.

"Hapana, ngoja. Usijipe ukubwa. Hata bila wewe tungengoja. Wewe umetuchelewesha nusu siku. Hiyo ingine ni yetu."

Akanisimulia habari ya rafiki yake, waliyesoma naye chuo cha uuguzi. Alikuwa na kliniki ndogo. Siku moja aliletewa msichana anayetokwa na damu, mimba ikiwa imeshaharibika. Yeye hakujua imeharibikaje wala hakuuliza, akamsafisha, msichana akapona. Baada ya juma moja polisi wakaja na gari. Walibeba vyombo vyake vyote kama ushahidi, hata ndoo, hata pazia. Tangu hapo huenda kortini, kesi inatajwa, anarudi nyumbani, anaitwa tena, inatajwa tena.

"Hajafungwa," nesi mkuu akasema. "Na hajaachiliwa. Ako hapo katikati tu, kama dada yako. Sasa huyu mtoto wetu daktari, mama yake ameuza ng'ombe asome. Unafikiri akishika kalamu anaona nini?"

Aliondoka akaenda kumnong'oneza daktari kijana kwamba mimi si mtu wa CID. Nilimwona kwa mbali yule kijana akishusha mabega. Nilidhani sasa ataandika. Hakuandika. Alikuja akanisalimia kwa jina la omera, akaniambia mama wa pale kaunta ana mandazi mazuri, akarudi kungoja. Nikaelewa kwamba walikuwa wameniogopa mimi kwa sababu tu nilikuwa karibu. Hofu yenyewe haikuhitaji suti.

Homa ilikuja Jumanne saa sita na robo mchana, mapema kuliko hesabu yangu. Haikuja kwa adabu, nukta moja baada ya nyingine, kama nilivyoipangia. Dada alisema anasikia baridi. Nikamfunika leso, kisha koti langu la suti. Kisha meno yakaanza kugongana, kitanda kikaanza kutikisika, vyuma vikalia. Nikakimbia kwenye korido nikipiga kelele, na nilichopiga kelele, naona aibu kukiandika, ni: "Imefika! Imefika!"

Thelathini na tisa nukta moja.

Sijawahi kuona watu wakipandishwa vyeo kwa haraka namna ile. Waliokuwa nesi tu na wa mashine tu na wa mwaka wa kwanza tu, wote wakawa wataalamu ndani ya dakika moja. Daktari kijana alishika kalamu akaandika kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini ya neno dharura mara mbili, akatia sahihi yake yote, majina matatu. Dripu ya pili ikawekwa. Damu ikaagizwa. Dawa ikatolewa. Na nesi mkuu akafunua kitambaa cha kijani kilichokuwa juu ya meza ndogo kando ya kitanda, meza ambayo nilikuwa nimeegemeza faili yangu tangu Jumatatu mchana, na chini yake kulikuwa na kila kitu. Glavu, sindano, vyombo vilivyochemshwa na kufungwa, vimepangwa kwa mstari. Alikuwa ameviandaa siku iliyotangulia na kuvibadilisha asubuhi ili viwe safi.

Saa nane na nusu mtoto alitoka. Alikuwa wa kiume. Nesi mkuu alimfunga kwenye kitambaa na kumuuliza dada kama anataka kumwona, naye akasema ndiyo, wakatutoa wote nje. Kisha kondo la nyuma likakataa kutoka, damu ikaanza, na nikamwona dada yangu akisukumwa kwenda tiyeta, chumba cha upasuaji, na yule msukuma vitanda, mbio, uso wake ukiwa na rangi ya suti yangu. Hapo nilijaribu kufikiria na nikashindwa. Nilikaa sakafuni. Nesi mmoja alinipita akasema, "Daktari, pole, toka njiani," kwa sababu nilikuwa na shati jeupe.

Alirudi hai. Nataka hilo lieleweke vizuri, kwa sababu watu wengi wakinisikiliza mpaka hapa huniangalia kama wananipa pole. Alirudi hai, na painti tatu za damu ya watu wengine mwilini, na homa iliyokataa kutoka kwa siku nne. Ile homa niliyoiita kwa bidii ilipokuja haikujua kuondoka. Jumatano alimwita marehemu mama yetu na kumwagiza alete mkasi. Alhamisi hakumwita mtu. Ijumaa mumewe alifika na vumbi la Juba bado kwenye nyusi, akakaa kitandani, akamshika mguu kupitia shuka, na hakuuachia mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Walituambia kizazi kimebaki. Kuhusu mtoto mwingine walisema ni mapema kujua, vidonda vikipona vitaonyesha. Miaka sita aliyongoja sasa ilikuwa imeongezewa mingine isiyo na hesabu.

Siku ya tisa, asubuhi ya kuruhusiwa, akaja daktari mkubwa. Alikuwa mmoja wa wale wa kundi, nadhani wa mikono ya maombi, ingawa kuhusu hilo siwezi kuapa. Alikuwa na wanafunzi saba wa udaktari nyuma yake, wenye makoti mapya na madaftari madogo. Alifungua faili la dada yangu na kuanza kuwafundisha.

"Kesi nzuri," akasema. "Mgonjwa aliletwa Jumanne akiwa na homa kali na maji ya mimba yametoka. Timu ilitambua dharura, ikamhudumia mara moja. Mnaona saa? Kutoka kupimwa joto mpaka dawa ya kwanza, dakika kumi na tatu. Hivi ndivyo inavyotakiwa."

Wanafunzi wakaandika dakika kumi na tatu. Na haikuwa uongo wake. Faili lilisema hivyo. Karatasi ya kwanza ilikuwa kwenye mfuko wa karanga, ile ya maoni na za vipimo na dawa za Jumatatu hazikuwa zimetiwa humo, simu haikuacha alama, na hakuna aliyetaka kuandika kwamba alikuwa akingoja. Kwa karatasi, dada yangu alianza kuwepo pale alipofikisha thelathini na tisa.

Mimi nilikuwa na saa zote kwenye simu. Nikaanza kuinuka, nikafunga kitufe.

"Wewe kaa," dada akasema.

Nikakaa. Akajivuta juu kwenye mto, taratibu, kwa sababu bado alikuwa na maumivu.

"Mimi nilikuja bila homa," akamwambia daktari mkubwa. "Nilikuja nikitembea. Homa nimeipata hapa."

Daktari mkubwa akatabasamu, akageuza ukurasa mmoja nyuma, kisha mmoja mbele. "Mama, pole sana. Unajua mtu akiwa na homa huchanganyikiwa. Faili inaonyesha..."

"Faili haikulala hapa. Mimi ndio nililala hapa. Nilikuwa naskia vile mnaongea kwa hiyo sinki. Mlikuwa mnaningoja."

Nesi mkuu, kwenye mlango, alikuwa akipangusa miwani yake iliyokuwa tayari safi. Daktari kijana alitazama viatu vyake. Daktari mkubwa akafunga faili, akamwambia dada yangu ale vizuri, mboga na maini, akaenda kwenye kitanda kilichofuata, na wanafunzi wakamfuata kwa mstari.

Mmoja alibaki nyuma, msichana mwembamba, kalamu ikiwa bado wazi.

"Ulikuja siku gani, Mama?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Jumatatu. Saa mbili na nusu."

Msichana akatazama mgongo wa mkubwa wake. Kisha akainamia daftari lake, akakata kitu alichokuwa ameandika, na akaandika upya.